Upepo ni mdogo, ao upepo hauna moto?



Mwezi wa 6 umeingia na baridi yake. Sisi wenye kuzaliwa Lubumbashi tunaizoea, lakini wenzetu waliotoka Kalemie na Moba, kandokando ya ziwa, wanashangaa kila mwaka. Mji wetu uko juu, karibu metre 1,200, na usiku wa kipwa joto linashuka chini ya digri 10. Mchana jua linawaka vizuri, mtu anavua hata koti. Ni asubuhi ndiyo inauma, na asubuhi ndiyo saa ya watoto wetu wa kreshi kufika.

Mnajua kazi ya kreshi yetu. Tunapokea watoto 14, na mdogo wao ana miezi 3. Mama zao wanauza lengalenga, samaki, mikate na makala kwenye soko la Kenya. Mwenye kuuza mboga hawezi kufika sokoni saa mbili. Wakati huo wanunuzi wazuri wamekwisha kupita. Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi watoto wanakuwa tayari kwetu, wamefungwa vitenge na blanketi, na chumba kinapaswa kuwa na joto.

Katika chumba hicho kuna klimatizeri ya ukutani, ile yenye sehemu mbili: moja ndani juu ya ukuta, nyingine nje nyuma ya nyumba. Mwenye nyumba alituachia pamoja na chumba. Wengi wanafikiri klimatizeri ni ya kuleta baridi mwezi wa 10 tu. Yetu inafanya kazi zote mbili. Angalia telekomande: ukiona alama ya theluji na pia alama ya jua, basi yako inaweza kupasha chumba moto. Ikiwa hakuna alama ya jua, usiisumbue, hiyo ni ya baridi peke yake.

Juma la kwanza la mwezi huu klimatizeri ilikuwa inanguruma, taa yake inawaka, lakini chumba kilibaki baridi. Watoto walikuwa na mikono kama mawe. Kisha ile sehemu ya nje ikaanza kujizima yenyewe kila baada ya dakika 20, inapumzika, inawaka tena.

Siku ya tatu ya juma, mmoja wa walezi akasema tuwashe mbabula pembeni ya chumba, mlango ubaki wazi kidogo. Tulikataa, na tunataka kila mama asome sababu. Makala yanayowaka yanatoa gazi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na haichomi macho kama moshi. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mtu mkubwa anaanza kuumwa kichwa, anachoka, anapata kichefuchefu, anasinzia. Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma; yeye analala tu, na wewe unashukuru kwamba amelala. Mlango kuwa wazi kidogo hautoshi. Makala yaliyokwisha kuwa mekundu bila moshi nayo yanatoa ile gazi, na watu wengi wanadanganyika hapo. Mbabula ni ya nje, ao ya jikoni penye hewa ya kupita. Kuilaza pamoja na watoto, hapana.

Kwa hiyo ilikuwa lazima klimatizeri ipone, na upesi.

Fundi wa kwanza alikuja siku iliyofuata. Alisimama juu ya kiti, akaweka mkono mbele ya mashine, akasema: gazi imekwisha. Bei: dolari 120 kwa kuongeza gazi, na kama haitasaidia, kompresa imekufa, tununue mashine mpya ya dolari 480. Kesi yetu ilikuwa na dolari 310. Ni mali ya mama wanaozaa na ya matanga, kila mtu alitoa franga yake akijua hivyo. Kuichukua ili kuongeza gazi kwa kukisia, na mwezi huu tukiwa na wenzetu wawili wanaokaribia kuzaa, lilikuwa jambo la kujadili, na tulijadili sana. Wengine walisema watoto kwanza. Wengine waliuliza: fundi amepima nini? Hilo ndilo swali lililotuokoa, na aliyeuliza ni mama anayeuza sukari kwa mizani kila siku. Yeye hakubali neno lolote lisilopimwa.

Mmoja wetu anamjua mzee aliyetunza vyumba vya baridi vya samaki kwa miaka mingi. Tulimwita. Kabla ya kufungua kisanduku chake alituuliza: “Mama zangu, upepo ni mdogo, ao upepo hauna moto?”

Tulitazamana. Tulikuwa tunasema tu “haipashi”. Kumbe kuna magonjwa mawili, na dawa zake hazifanani.

Alituelezea namna hii, na tunaandika kwa maneno yake kadiri tunavyokumbuka. Ndani ya klimatizeri hakuna resho. Haitengenezi moto, inaubeba tu. Shika nyuma ya frigo yako: ni moto. Moto huo ulitoka kwenye nyama na maji uliyoweka ndani. Klimatizeri ikiwa kwenye alama ya jua inafanya kama frigo iliyogeuzwa: inachukua joto lililo nje, hata katika hewa ya digri 8 mna joto, kwa sababu gazi inayopita katika radiateri ya nje inakuwa na baridi kupita hiyo hewa. Kompresa inaibana ile gazi, inakuwa moto sana, inaingia katika radiateri ya ndani, na upepo unapita juu yake na kuleta joto chumbani. Ndiyo maana umeme wa kiasi cha resho moja unaweza kuleta joto la resho tatu hivi. Sisi wenye kununua umeme kwa uangalifu tulipenda kusikia hivyo.

Sasa, kuna wafanyakazi wawili: gazi inaleta moto mpaka kwenye radiateri, na upepo unautoa pale na kuugawa. Upepo ukiwa mwingi lakini vuguvugu, shaka ni upande wa gazi, kompresa ao umeme. Upepo ukiwa mdogo lakini unachoma mkono, gazi imefanya kazi yake. Kuna kitu kinaziba njia ya upepo.

Mzee alichukua kipima-joto kidogo cha betri, kile cha kupima hewa. Kile cha kupima homa ya mtoto hakifai hapa, hakishuki mpaka digri za chumba. Aliwasha mashine kwenye alama ya jua, akaweka 24, tukangoja dakika 15. Hiyo ya kungoja ni lazima, kwa sababu mashine inapoanza inazuia upepo kwanza mpaka radiateri ipate moto, ili isikupulizie baridi. Alipima juu, pale hewa inapoingia: digri 16. Akapima chini, pale inapotoka: digri 47. Tofauti ni 31. Kisha akashika kipande chembamba cha kitenge mbele ya mdomo wa mashine. Kilitikisika kidogo tu, kama mtu anapuliza chai.

“Gazi yenu iko,” akasema. “Mashine yenye kukosa gazi haiwezi kutoa 47.”

Na ile ya kujizima nje kila dakika 20 ilikuwa ushahidi wa pili: moto haukuwa na mtu wa kuuondoa, ukajaa ndani, mashine ikajilinda.

Tulimwambia kwamba filtri tunaziosha kila mwezi, na ni kweli, jina la mwenye zamu liko kwenye daftari. Alizitoa, akaziangalia mbele ya jua, akakubali kwamba ni safi. Lakini alileta tochi, akamulika ndani, kati ya yale mabawa ya kuelekeza upepo, akamwita mmoja mmoja aje aone. Nyuma kuna gurudumu refu la upepo, refu karibu kama mashine yenyewe, lenye vibawa vingi vidogo, kama kichanuo kilichokunjwa kuwa mviringo. Vile vibawa havikuonekana tena. Nafasi kati yao zilijaa uchafu mweusi, laini, wenye mafuta.

Uchafu wa mafuta ulitoka wapi katika chumba cha watoto? Wenye kuishi mtaa huu walicheka kabla mzee hajamaliza kuuliza. Mpangaji aliyetutangulia alikuwa na saluni. Miaka ya nywele zilizokatwa, mafuta ya kichwa na dawa za kupuliza, halafu juu yake vumbi letu jekundu la kipwa. Filtri inashika vumbi kubwa. Mvuke wa mafuta unapita, unanata kwenye gurudumu, na kila kinachofuata kinanata juu yake. Tuliirithi saluni nzima ikiwa ukutani.

Kazi ya kuosha ilichukua saa tatu. Tunaiandika ili mama ajue fundi akija kwake anapaswa kufanya nini, na aweze kusimama karibu na kuangalia. Alizima disjonkteri kwanza, sio telekomande tu. Alitoa kifuniko cha mbele. Ile sehemu ya waya na karata ya umeme, upande wa kuume, aliifunga kwa mfuko wa plastiki na kuikaza. Chini ya mashine alifunga bashi kubwa iliyoshuka kama mfereji mpaka ndani ya ndoo. Kwa pompe ndogo ya kupulizia mimea dawa, iliyooshwa vizuri, alipulizia maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo juu ya radiateri na gurudumu, akaacha robo saa. Mmoja wetu alileta javeli, akaikataa: javeli inakula aluminiamu ya radiateri, na harufu yake inabaki kwa watoto. Vibawa alivisugua kwa mswaki, kimoja kimoja, akigeuza gurudumu kwa kidole. Visahani vyembamba vya radiateri alivipangusa kwa brashi ya rangi kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa ukisugua kwa kukingama vinalala na kuziba njia tena. Na vinakata vidole, mwangalie.

Ndoo ya kwanza ilitoka nyeusi kabisa, na nywele zinaelea. Ya pili ilikuwa kama chai. Ya tatu ilianza kuonyesha chini ya ndoo.

Akapuliza pia ndani ya mpira wa kutoa maji, ikatoka tope. Mwezi huu wa baridi usingetusumbua, sababu wakati wa kupasha moto maji yanadondoka upande wa nje. Lakini mwezi wa 10, tukigeuza mashine kuleta baridi, maji yangeshuka ukutani juu ya vitanda vya watoto. Hilo hatukumwomba, alilifanya tu.

Nje alikuta mahali pazuri, hapajazibwa. Alipangusa vumbi, akatuambia tusiache mtu aanike nguo juu yake wala kuegemeza magunia. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mirija ya shaba. Hakuna tone lililochemka. Hapo akasema jambo ambalo tungependa kila nyumba yenye frigo ilijue: gazi haitumiki kama mafuta ya gari. Inazunguka humo ndani miaka yote. Ikipungua, imetoka mahali, na mahali hapo mara nyingi pana alama ya mafuta. Fundi anayeongeza gazi kila mwaka bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kilekile mara nyingi. Na gazi za sasa, kama R410A, zinawekwa kwa mizani kufuata kilo zilizoandikwa kwenye mashine, hazikisiwi kwa kushika mrija. Mama wa sukari alifurahi kupita kiasi.

Kulipokauka aliwasha upepo tu kwa nusu saa, kisha akageuza kwenye jua. Hewa ikaingia na 16, ikatoka na 37. Mtu angeweza kusema imeharibika, kutoka 47 mpaka 37! Lakini kitenge kilinyooka kama bendera. Baada ya saa moja kipima-joto kwenye meza kilisoma 21, na sehemu ya nje haikujizima tena. Tulilipa dolari 30.

Hata hivyo, kesho yake walezi walisema watoto bado wana baridi, na wao wanaona jasho. Hapa hatukumwita mtu. Tulichukua kipima-joto, tukakiweka kwenye kabati: digri 22. Tukakiweka chini, kwenye godoro, pale mtoto wa miezi 3 analala: digri 16. Joto linapanda, kila mpishi anajua. Wakati wa baridi yale mabawa ya mbele yanapaswa kuelekea chini kabisa, ili upepo wa moto upige sakafu kwanza. Wakati wa kutaka baridi ni kinyume, yaelekee juu, sababu baridi inashuka yenyewe. Yetu yalikuwa yanatazama mbele, kama saluni ilivyoyaacha. Tuliyashusha kwa telekomande, tukaviringisha kitambaa kizito na kukiweka chini ya mlango, tukainua magodoro juu ya mbao za palette. Kwenye godoro sasa ni 19 ao 20.

Bado kulikuwa na asubuhi fulani mashine ilikuwa inachoka. Kijana wa mmoja wetu, anayesomea umeme, alipima kwenye tundu la ukutani. Saa tano ya usiku: volti 215. Saa kumi na mbili ya asubuhi, mtaa mzima umewasha resho kwa chai na maji ya kuoga: volti 168. Kompresa ya volti 220 ikipewa hiyo inalazimika kuvuta kwa nguvu, inapata moto, na mara nyingine inashindwa kuanza. Hakuna kuosha kunakoponya hilo. Regulateri nzuri yenye kuweza kuibeba ni ghali kwetu kwa sasa. Kwa hiyo sentineli wetu anaiwasha saa kumi kamili ya usiku, umeme ukiwa na nguvu, na watoto wanakuta ukuta na sakafu vimekwisha kupata joto. Volti zikianguka sana, anaizima na kungoja. Umeme ukikatika na kurudi, anahesabu dakika tano kabla ya kuiwasha, ili gazi itulie na kompresa isianze na mzigo. Alikuwa akifanya hivyo kwa frigo tangu zamani, hakuhitaji kufundishwa.

Jambo moja la mwisho lisiwaogopeshe: asubuhi za baridi kali mashine inaweza kuacha kupuliza kwa dakika chache, na nje unaona maji na mvuke. Inayeyusha barafu iliyoshika radiateri ya nje. Inarudi yenyewe. Msiguse.

Mzee alituambia pia kwamba kompresa yetu ina sauti ya uzee. Inaweza kwenda miaka mitatu, inaweza kwenda mvua moja. Tumeamua kila mama wa kreshi aweke franga 500 kila juma katika bahasha ya mashine, mbali na kesi ya uzazi na matanga. Mama mmoja amekwisha kuzaa, mtoto wa kike, na amepokea zawadi yake yote.

Kipima-joto tumenunua cha kwetu. Mama mwenye klimatizeri ao frigo inayosumbua anaweza kukiazima siku ya tano jioni na kukirudisha siku ya posho, kwa kuandika jina katika daftari. Tunaomba kirudi na betri zake. Mara mbili kimerudi bila betri, na siku hizohizo redio fulani ya mtaani petu ilikuwa inaimba vizuri sana.